Kaya Moja, Benchi Moja

Siku ambayo baraza la wazee liliamua kwamba ibada zirejee, Osea alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyesifiwa mbele ya wenzake. Alinawa mikono kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi kilichoning'inia kwenye mpera, akavua barakoa, akaikunja na kuitia mfukoni, kisha akaketi sebuleni kungoja chakula cha mchana. Mkewe, Marita, alimletea ugali, maharage na majani ya maboga. Binti yao Irene, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa na hivyo alishinda nyumbani, alileta maji ya kunywa.

"Tunafungua," Osea alisema. "Jumapili hii hii."

"Mungu ni mwema," alijibu Marita.

Serikali haikuwa imefunga makanisa. Wazee wa usharika wao wa Tunduma ndio waliosimamisha ibada kwa hiari yao, baada ya hofu ya ugonjwa kuingia mpakani, madereva wa malori walipoanza kupimwa mmoja mmoja na upande wa Nakonde, Zambia, kufungwa kwa siku kadhaa. Tangu hapo waumini walisali majumbani, na watoto waliokuwa wakingoja ubatizo waliendelea kungoja.

"Ila tutakaa kwa utaratibu mpya," Osea aliendelea, akimega tonge. "Hakuna kupeana mikono. Sadaka utaiacha mlangoni. Na ile habari ya wanaume upande huu, wanawake upande ule, imekwisha. Kaya moja, benchi moja. Kati ya kaya na kaya, benchi tupu. Hata mchungaji hatawaita watu mbele. Watoto watabatizwa kwenye mabenchi yao, yeye akipita na birika."

"Na kaya ni akina nani, baba?" Irene aliuliza. "Sisi darasani tulifundishwa ni watu wa nyumba moja."

"Hapo ndipo walipokwama wazee wote." Osea alicheka. "Mmoja anasema kaya ni paa. Mwenzake anasema, mimi nina wapangaji chini ya paa langu, nao ni walevi, nikae nao benchi moja? Mchungaji akanitazama. Nikasimama, nikasema, ndugu zangu, kaya ni chungu. Wanaokula chungu kimoja wamekwisha kugawana pumzi, wakikaa pamoja hawaongezi hatari. Walipiga makofi. Nesi Jenista mwenyewe alisema neno hilo linafaa kuandikwa ukutani. Atapita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wa kila chungu."

Marita alibaki amesimama na sinia mkononi.

"Baba Irene, hayo majani ya maboga unayoyala amepika nani?"

"Si wewe?"

"Amepika Ferista. Na maharage ni yake. Mimi nimesonga ugali."

Osea aliacha kutafuna.

Ferista alikuwa mjane wa Sebastian, mdogo wake Osea, aliyekufa kwa ajali kwenye mteremko wa Mbalizi. Baada ya mazishi, wakubwa wa ukoo waliketi kijijini kwao Ndalambo, wakaamua kwa desturi yao kwamba mjane asirudishwe kwao bali abaki mikononi mwa kaka wa marehemu. Ferista akahamia nyumba ndogo ya uani, na baadaye akamzaa Angel. Kanisani alihesabiwa kuwa shemeji anayetunzwa, na mtoto alifundishwa kumwita Osea baba mkubwa. Mtaa ulijua mtoto ni wa nani, nao ulinyamaza, kwa maana kunyamaza kulikuwa rahisi. Osea aliketi mbele na wazee wenzake, Marita aliketi kati ya wanawake, Ferista aliketi na kwaya, na hakuna jicho lililolazimika kuwaona wote watatu kwa mara moja.

"Ferista ana jiko lake," Osea alisema.

"Jiko lake halijawashwa tangu Angel aanze kutambaa. Mkaa umepanda. Tungewasha majiko mawili ili iweje?"

"Mbona sikuambiwa?"

"Wewe huletewa sahani. Hukuwahi kuuliza inatoka wapi."

Irene aliinama kuficha kicheko, kikamtoka kama kikohozi, na baba yake akamtazama kwa jicho ambalo siku hizo kila mwenye kukohoa alitazamwa nalo. Kisha Osea akakisukuma chakula kando.

"Mwambie awashe jiko lake leo," alisema. "Wewe mwambie. Mkiongea wanawake inakuwa nyepesi."

*

Ferista alikuwa kwenye cherehani, kibarazani mwa nyumba ndogo, akishona barakoa za kwaya kwa mabaki ya vitenge. Angel, aliyekuwa amekwisha kutimiza miaka miwili, aliketi chini akivuta nyuzi.

"Baba Irene anasema uwashe jiko lako," Marita alianza.

"Leo nimezidisha chumvi, dada?"

"Chumvi haina neno." Marita akamweleza habari yote, ya chungu, ya benchi na ya nesi atakayepita.

Ferista alisikiliza huku mguu ukiwa bado juu ya pedeli. "Kwa hiyo nikiwasha jiko, mimi ni kaya."

"Wewe na Angel."

"Na nitakuwa na benchi langu."

"Utakuwa nalo."

"Mchungaji akifika kwenye benchi langu na birika, akasema wazazi wa mtoto wasimame, nitamwonyesha nani? Nitamwonyesha jiko?"

Tangu Angel azaliwe, Ferista alikuwa na ombi moja tu, kwamba mtoto wake abatizwe kama watoto wengine. Osea alisema wangoje mavuno. Baada ya mavuno alisema wangoje ziara ya askofu. Askofu alipokuja, Osea alisema watoto walikuwa wengi mno siku ile. Kisha ugonjwa ukaja, ukamfanyia kazi ya kutafuta sababu. Sasa gauni jeupe lililokuwa ndani ya sanduku la Ferista lilikuwa limekwisha kufunguliwa pindo mara mbili.

"Mimi ni mtu wa kutumwa tu," Marita alisema. "Washa jiko, mdogo wangu. Mengine tutayaona."

Jioni ile moshi ulipanda mahali pawili katika ua mmoja. Wanawake wawili waliozoea kumenya na kutwanga huku wakisengenya watu wa bombani walipeana migongo, kila mmoja akikoroga sufuria yake. Marita aligundua kwamba chumvi ilikuwa kwa Ferista. Ferista aligundua kwamba mwiko ulikuwa kwa Marita. Irene ndiye aliyepita kati yao akipeleka na kurudisha. "Mipaka imekuwa miwili Tunduma," alisema. "Mimi nidai ushuru."

Angel peke yake hakuelewa utaratibu. Alikula kwa mama yake, akachukua kibakuli chake, akavuka ua, akafungua kinywa mbele ya Marita.

*

Nesi Jenista alifika Jumamosi asubuhi. Alikuwa muuguzi mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya afya ya usharika, mwanamke mpole aliyesema na watu kwa sauti ile ile aliyowahi kusemea na wagonjwa. Alisimama ndani ya lango, barakoa usoni, wala hakusogea zaidi.

"Hodi humu. Mnisamehe kwa kubaki mbali, ndizo amri tulizojiwekea."

"Karibu, mama, karibu," Osea alimjibu, akitoka na kiti ambacho mgeni alikikataa kwa mkono.

"Nimekuja kwa habari ya vyungu, mzee. Hapa kwako sina shaka, mwenye neno ni wewe."

"Viwili," Osea alisema. "Mimi, mama Irene na Irene. Shemeji na mtoto wana chao."

Wakati huo Angel alikuwa anavuka ua na kibakuli cha uji. Ndevu za uji zilikuwa zimemkauka kidevuni. Alimfikia Marita aliyekuwa akikaanga maandazi, akamshika goti, akafungua kinywa. Marita alimtazama mtoto, akamtazama mgeni, akashindwa kumnyima. Akamega andazi, akalipuliza, akamlisha.

"Na huyu ni wa chungu gani?" Jenista aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yakitabasamu juu ya barakoa.

Osea aliona swali lile likimvuta kuelekea mengine. Aliona benchi, birika, na watu wakigeuza shingo. Akashika neno la kwanza lililokuwa karibu.

"Hata hivyo shemeji hatakuja kesho. Ana kahoma."

Cherehani kibarazani ilinyamaza.

Tabasamu la Jenista liliondoka. "Homa? Tangu lini?"

"Tangu jana usiku."

"Anakohoa?"

"Kidogo kidogo."

Jenista alirudi nyuma hatua moja hadi mgongo ukagusa lango. "Mzee Osea, wewe ndiye uliyetufundisha. Mtoto huyu analala na mwenye homa, na analishwa na mkono wa mama mkubwa wake. Mmewasha majiko mawili, lakini kwa ugonjwa chungu chenu ni kimoja. Kesho msije. Mkae ndani wiki mbili, nyote, na wewe mwenyewe usivuke kwenda Nakonde na vitunguu vyako. Ningempima sasa hivi, ila kipima joto chetu ni kimoja na kimefungiwa ofisini, nami sitakichukua kutoka kwa mgonjwa nikipeleke mlangoni kesho."

Bado mlango wa kutokea ulikuwepo. Osea angeweza kusema, nimekosea, mama, shemeji yangu ni mzima. Lakini angelazimika kueleza kwa nini mzee wa kanisa amemzushia homa mtu mzima, na maelezo hayo yangeanzia Ndalambo. Akafunga kinywa chake.

"Pole sana, mama Angel," Jenista aliita kwa mbali.

Kila mtu uani alingoja. Ferista alikuwa na barakoa nusu mkononi, sindano ikiwa imechoma kitambaa.

"Ahsante, mama," alisema.

*

Jumapili kipaza sauti cha kanisa kilisikika hadi mtaani. Osea aliketi sebuleni amevaa suruali ya suti na fulana, akisikiliza mchungaji akiwakaribisha waumini kaya kwa kaya. Yalipotajwa majina ya watoto waliokuwa wanabatizwa, Ferista aliacha kufua, akasimama na mapovu mikononi hadi jina la mwisho. Kisha mchungaji aliomba sala kwa ajili ya nyumba ya mzee wao mpendwa iliyotembelewa na ugonjwa. Osea aliinuka akafunga dirisha.

Mchana ule ule zile barakoa za kwaya zilirudi. Mke wa mwalimu wa kwaya alizileta zote katika mfuko wa plastiki, akautundika langoni kwa ncha ya fimbo.

"Si kwa ubaya, mama Irene," alisema kutoka barabarani. "Ni vile tu, mshonaji ndiye mgonjwa. Wengine walikuwa wamekwisha kuzijaribu. Tumewapa limau."

Kesho yake Marita alikaanga maandazi kama kawaida. Watoto wa majirani waliokuwa wakija na visahani hawakuja. Alipoketi barazani na beseni lake akaona mama mmoja akimvuta mwanawe upande wa pili wa barabara, aliyafunika, akayarudisha ndani, wakayala wao mchana na jioni, na yaliyobaki yakawa ya kuku. Bombani Irene aliambiwa angoje hadi wote wateke, na alipoteka, mtu alikuja nyuma yake akaosha koki kwa majivu.

"Mama, nimekuwa malkia," Irene alisema, akitua ndoo. "Nikipita wanapisha. Tatizo ni kwamba wanatema mate."

"Usimwambie baba yako."

"Yeye ndiye aliyenitawaza."

Osea alizunguka ndani ya ua kama ng'ombe aliyefungiwa. Vitunguu vyake vilikuwa ghalani karibu na mpaka, vikichipua. Alimpigia simu dalali mwenzake wa Nakonde, na dalali akamwambia, pole mukwai, pole mzee wangu, lakini hata ukileta mwenyewe sitavipokea, habari zenu zimevuka kabla ya vitunguu. Na Ferista aliongea kwa maagizo tu. Ilikuwa kana kwamba homa ile angeiugua kweli, mambo yote yangekuwa sawa, na sasa kwa uzima wake alikuwa akimkosea.

Siku ya nne jirani yao Aida, ambaye ua wake ulitenganishwa nao kwa michongoma tu, aliita kwa sauti ya huruma. Alirusha juu ya michongoma furushi la majani ya mkaratusi, mchaichai, majani ya mpera na malimau.

"Ajifukize," alisema. "Nyungu haijapata kumshinda mtu. Mume wangu ilimtoa kitandani. Afanye sasa hivi, jua likiwa kali, mimi nipo hapa hapa naanika mahindi."

"Tutamfanyia jioni, mama," Marita alisema.

"Jioni baridi itamwingia. Sasa, mama Irene. Au hamtaki apone? Ninyi mkichelewa kupona, sisi wa hapa ndio tunaopumua hewa yenu."

Hapakuwa na pa kujificha. Marita alichemsha majani katika sufuria kubwa. Ferista alitoka, akaketi kwenye kigoda katikati ya ua, na Irene akamfunika kwa blanketi zito la Osea. Aida alitandaza mahindi yake punje kwa punje, macho yakiwa juu ya michongoma. Angel alipomwona mama yake amegeuka kuwa rundo linalotoa mvuke alilia, akalizunguka akilipiga kwa viganja. Osea alitazama kupitia dirisha, kisha pazia likaanguka.

Ndani ya blanketi Ferista alikohoa. Mvuke ulikuwa umemwingia kooni, na hicho kilikuwa kikohozi chake cha kwanza tangu aitwe mgonjwa.

"Mnamsikia?" Aida alisema. "Inatoka hiyo."

Marita alimwinua Angel. Kisha akamkabidhi Irene mtoto, akainua pindo la blanketi, akaingia.

Ndani kulikuwa na giza na harufu kali iliyochoma macho. Magoti yao yaligusana. Jasho la Ferista lilikuwa likitiririka kutoka kwenye nywele hadi kidevuni, na haikuwezekana kujua lipi lilikuwa jasho na yapi machozi.

"Na wewe umepata homa, dada?"

"Aida akikuona uko peke yako atasema hatukupendi. Geuza uso, utaungua."

Ferista aligeuza uso.

"Ameniambia niende Ndalambo," Ferista alisema. "Siku tutakayofunguliwa. Gari la Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Anasema nikapumzike. Nimeuliza hadi lini, akasema hadi ugonjwa uishe. Dada, ugonjwa upi?"

"Ameniambia pia. Nikusindikize stendi."

"Ukasema nini?"

"Nilisema sawa."

Ferista aliitikia kwa kichwa, na paji lake likagonga la Marita. "Kule hakuna mchungaji anayenijua. Angel atabatizwa akiwa na ndevu." Alicheka kidogo, mvuke ukamkaba tena. "Mimi sikuomba kuja kwenye ua wako. Nilitaka kurudi kwetu Itumba. Nilisema mbele ya wazee wale, wakaniambia mjane aliyelia sana hajui anachosema."

"Nami sikuulizwa," Marita alisema. "Niliagizwa nikuchemshie maji ya kuoga."

Kwa muda mrefu Marita alikuwa amemwombea mwanamke huyu aondoke. Aliomba akiwa amepiga magoti, kwa maneno ya adabu, bila kumtaja jina, na sasa Mungu alikuwa amemjibu kwa kumpa tiketi ya gari la asubuhi. Alijaribu kuiona nyumba yake bila Ferista. Aliliona jiko moja, chungu kimoja, mkono mmoja. Kisha akamwona Osea akisema kila mwisho wa mwezi kwamba anakwenda Ndalambo kuangalia shamba. Aliwaona akina Aida wakimpa pole bila kusema ni ya nini. Mwanamke angeondoka, nalo jambo lingebaki, na mlinzi wake angekuwa yeye.

"Imetosha sasa!" Aida aliita. "Mtamchemsha!"

*

Jumapili ya kufunguliwa Osea alitangulia kanisani mapema, amevaa suti ya kijivu, kwa kuwa alitaka watu wamwone amerudi. Hakumuaga Ferista. Alimwachia Marita maagizo na nauli, akatoka kwa hatua za mtu anayekimbia mvua.

Wanawake walitoka baadaye, Ferista akiwa na begi, Irene akimbeba Angel mgongoni. Walipofika kwenye njia panda, ambapo mkono mmoja huenda stendi na mwingine hupanda kanisani, Marita alisimama.

"Gauni la mtoto liko wapi?"

"Ndani ya begi, chini kabisa."

"Litoe."

Ferista hakufungua begi. "Atakufukuza, dada."

"Anifukuzie wapi? Nyumba ile nimeipiga lipu kwa mikono yangu." Marita alivuta pumzi nyuma ya barakoa. "Usidhani nakupenda sana. Nimechoka tu. Ukienda Ndalambo nitabaki namficha mtu asiyekuwepo, na hiyo ni kazi kubwa kuliko hii. Litoe, akizidi kungoja hakutabaki pindo la kufungua."

Walimvalisha Angel pale pale kando ya barabara, Irene akiwakinga kwa kanga. Gauni lilimfika magotini.

Mlangoni Nesi Jenista alikuwa na kipima joto. Alikielekeza kwenye paji la Irene, la Marita, kisha la Ferista. Alitazama namba, akaitikia kwa kichwa.

"Umepona vizuri, mama Angel."

"Sikuwa mgonjwa, mama."

Mkono wa Jenista ulibaki hewani. Alimtazama Ferista, akamtazama mtoto katika gauni jeupe, akamtazama Marita kwa muda mrefu. Nyuma yao watu walikuwa wakinawa na kungoja.

"Chungu gani?" aliuliza mwishowe, kama alivyomuuliza kila mtu.

"Cha Osea," Marita alisema. "Tuko watano."

Osea alikuwa ameketi peke yake katikati ya kanisa, benchi tupu mbele yake na benchi tupu nyuma yake. Alipogeuka akawaona, mikono yake ilishika magoti.

"Gari limekosekana?" alinong'ona.

"Gari lipo. Sogea."

Alisogea. Marita aliketi karibu naye, kisha Irene, kisha Ferista akiwa na mtoto mapajani. Barakoa nyingi ziligeuka, na macho peke yake, bila midomo, yalikuwa mazito kuliko Marita alivyotazamia. Alishukuru kwamba na yeye alikuwa amefunika nusu ya uso wake.

Ilipofika zamu ya watoto wa kaya zilizokuwa zimezuiwa, mchungaji alishuka na birika, akapita kati ya mabenchi. Alisimama mbele yao kwa umbali uliopangwa. Naye alijua, kama wote walivyojua, lakini liturujia ilikuwa na maneno yake na ilimpasa kuyasema.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Angel," Ferista alijibu, akiwa amekwisha kusimama.

"Wazazi wa mtoto wasimame."

Kwaya ilikuwa ya watu wachache, na siku hiyo haikuwa ikiimba chini chini kama ilivyozoea. Kanisa lilikuwa nusu tupu. Osea alitazama viatu vyake. Ferista alitazama birika. Mchungaji alingoja, kisha akafungua kinywa kana kwamba anataka kuendelea, na Marita akafahamu kwamba angeendelea, kwamba angempa mtoto mzazi mmoja na kupita, na watu wote wangeshukuru kupewa tena kitu cha kunyamazia.

"Simama, baba Irene," alisema.

Hakupaza sauti, lakini mabenchi matupu hayakuizuia.

Osea alisimama. Hapakuwa na cha kushika. Mchungaji alimtazama, akainua birika, akamimina. Maji yalishuka kwenye uso wa Angel hadi kwenye pindo la gauni.

"Ya baridi," Angel alisema, na hakuna aliyecheka.

*

Baada ya ibada kaya zilitoka moja moja, kila moja ikifuta benchi lake kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Mchungaji na Nesi Jenista walikuja hadi kwenye benchi la Osea.

"Mtoto hana kosa," mchungaji alisema. "Amebatizwa, nalo halifutwi. Mzee Osea, utarudisha funguo za ofisi leo. Baraza litawatenga kwa muda, wewe na mama Angel. Na wewe, mama Irene."

"Na mimi?"

"Ulijua."

Marita alitaka kusema wote walijua. Aliyatazama macho ya mchungaji, yakainama, akaona kwamba hakukuwa na haja.

"Meza ya Bwana hamtaikaribia," mchungaji aliendelea, kwa upole wa mtu asomaye maneno ya mwingine. "Na kwa desturi yetu waliotengwa huketi benchi la nyuma, karibu na mlango."

"Hapana nafasi, mchungaji," alisema Jenista. "Mabenchi ya mlangoni tumewapa wazee wenye vifua, kwa ajili ya hewa. Na kamati imekataza kaya kuhamahama."

Mchungaji aligeuka, akayatazama mabenchi ya nyuma, ambako vikongwe wawili walikuwa bado wanafunga vilemba vyao bila haraka. Alifikiri.

"Basi mtabaki hapa," alisema. "Hadi ugonjwa uishe."

Walipobaki peke yao Osea aliketi tena. Kuta nne za kanisa zilikuwa mbali naye kwa kipimo kilicho sawa.

"Hapa katikati?" alisema. "Kila Jumapili, watu wote wananitazama? Nitakaaje, mama Irene?"

"Utakaa," alisema Marita. "Nyanyua mkono nifute."